Kizibao cha Njano cha Chachu

Pale barabara ya hospitali inapokutana na ile ya sokoni, kwenye ukuta wa duka la Spika, ndipo ninapochemshia kahawa. Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Tundu la kitasa bado lipo. Wenyeji wanalijua, wageni hulijua wakishakaa. Breki ndiye mkubwa wa benchi. Aliendesha malori mpaka magoti yakagoma, na siku hizi anaendesha watu kwa maneno. Spika anakodisha vipaza sauti vya sherehe na misiba, na hamalizi kikombe bila methali, ingawa anazitumia kama mtu aliyevaa viatu vya jirani gizani. Mama Cherehani hakai nasi. Anashona mlangoni pake, hapo hapo jirani, na anabishana bila kuinua mguu kwenye cherehani. Mimi wananiita Dada Birika. Kazi yangu ni kumimina na kukumbuka nani alisema nini, maana kesho yake wote hukana.

Chachu naye ni wetu, ila hana muda wa kukaa. Anasambaza mikate kwa baiskeli, kutoka kwa waokaji mpaka madukani, na kahawa yake huinywa mguu mmoja uko chini na mwingine kwenye pedali. Jina la Chachu alipewa kwa sababu umkandamize vipi, baada ya muda ataumuka tu. Mkewe ni muuguzi wa chumba cha majeruhi katika hospitali iliyo juu ya barabara yetu. Mtaa mzima unamwita Sista.

Asubuhi ile jua lilikuwa limeshatoka. Chachu alikuwa akiteremka na sanduku lake la mikate nyuma, amevaa sweta la kijivu analolivaa kila siku, na gari la vioo lilikuwa likiingia barabara ya sokoni. Ni yale magari yenye fremu ubavuni ya kuegemeza vioo vya madirisha. Halikuwa na mwendo wa kutisha. Lilikata kona taratibu kabisa, na taratibu hiyo hiyo likamchukua Chachu begani na kumlaza chini. Mikate ikatawanyika njia nzima.

Dereva alishuka. Hakujitetea wala hakumlaumu mtu. Alipiga magoti akaanza kuokota mikate, akiifuta vumbi kwa shati lake kana kwamba kuna mtu atakayeila, mpaka Breki akamshika mkono na kumwambia aache mikate, wamnyanyue mtu. Dereva alikuwa akirudia neno moja tu.

— Nilitazama, kaka. Nilitazama, sikukuona.

Akampeleka hospitali kwa gari lile lile. Na aliyekuwa zamu chumba cha majeruhi, aliyeinua macho kuona nani kaletwa, alikuwa Sista.

Bega lilikuwa limeteguka. Lilirudishwa, mkono ukafungwa shingoni, na Chachu akakaa nyumbani wiki kadhaa huku shemeji yake akimsaidia kusambaza mikate kwa mkokoteni. Baiskeli ilikuwa salama salimini, jambo ambalo Chachu alilitangaza kwa kila aliyekwenda kumpa pole, kama vile baiskeli ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Lakini siku aliyofunguliwa mkono, Sista alirudi kutoka kazini na kizibao. Kilikuwa cha njano, ile njano inayokufanya ufumbe jicho moja, na mistari miwili ya fedha inayorudisha mwanga ukiimulika. Akakitandika mezani. Akamwambia mumewe achague: avae kile, au baiskeli itafutiwe mwenyewe mwingine.

Chachu alikuja kijiweni na kizibao kimekunjwa ndani ya mfuko wa mikate, kukata rufaa.

Alitueleza kwamba hakatai usalama. Anachokataa ni kuvalishwa. Tangu utoto anaendesha baiskeli barabara hii, na ameonekana na watu waliomdai, ameonekana na wakwe, ameonekana hata siku alizojificha. Iweje sasa mtu mzima aonekane kwa kuvaa rangi ya ndimu? Spika akamuunga mkono hapo hapo.

— Chema chajiuza, akasema. Mtu mwema ataonekana tu.

Mama Cherehani akakumbusha kutoka mlangoni kwamba methali hiyo inahusu biashara. Spika akajibu kuwa mikate nayo ni biashara, basi iko mahali pake.

Breki alisubiri nikamjazia kikombe, kwa sababu hasemi jambo kubwa kikombe kikiwa kitupu. Kisha akasema kwamba rangi haina kazi. Kwa miaka yote aliyokaa juu ya usukani, alijifunza kwamba jicho la dereva ni kama mlinzi mvivu wa getini: linasimama kwa ajili ya wakubwa tu. Linaona lori, linaona ukuta, linaona ng'ombe. Vitu vinavyoweza kumuumiza dereva, hivyo linaviona kutoka mbali. Baiskeli haimuumizi dereva, kwa hiyo jicho linaipisha ipite bila kuandikisha.

Maneno hayo yalikuwa na akili. Laiti Breki angeishia hapo. Lakini akaendelea, akasema kwamba dawa basi ni kuwatisha madereva: Chachu afunge ubao ubavuni mwa baiskeli, ubao wenye misumari, ncha zikitazama nje. Dereva anaweza asimhurumie binadamu, ila rangi ya gari lake atailinda.

Spika akapinga. Alisema macho yameshachoka, dunia ya leo ni ya masikio. Yeye anacho kipaza sauti kidogo kinachotumia betri, atakifunga kwenye usukani wa baiskeli, kitangaze njia nzima kwamba mikate inapita. Breki akauliza nani atakisikia ndani ya gari lililofungwa vioo na muziki juu. Spika akafikiri, akasema basi kitoe sauti ya mtoto anayelia, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kupita kwenye kilio cha mtoto bila kugeuza shingo. Mama Cherehani, aliyelea watoto watano, akasema yeye amewahi kupita mara nyingi tu.

Yeye alikuwa na nadharia yake. Alikichukua kizibao, akakigeuza ndani nje, akavuta mishono, akasonya. Alisema kosa haliko kwenye rangi, liko kwenye mkato. Hili ni gunia lenye matundu ya mikono, na nani ameona watu wakitazama gunia? Watu hutazama vazi lililomkaa mwenyewe. Akilibana kiunoni kidogo na kuliinua mabegani, hata vipofu watauliza nani kapita. Na kama Chachu anataka usalama kamili, yeye atamshonea gauni la harusi lenye mkia.

— Niambieni, akasema, ni lini mmesikia bibi harusi amegongwa na gari?

Tulitafuta kwenye kumbukumbu zetu zote. Hakuna aliyesikia. Breki akakiri kwamba katika maisha yake yote ya lori, aliwahi kusimama kwa ajili ya bibi harusi na hata kuzima injini. Basi kwa muda fulani kijiwe kizima kilikuwa kimekubaliana kwamba Chachu asambaze mikate akiwa na shela, na mwenyewe Chachu akawa anatutazama kama mtu aliyeleta kesi yake kwa majaji halafu akakuta wamelewa.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Spika akamfariji. Sasa kizibao hiki kinaziba nini?

Chachu akakivaa. Sijui kama ni kwa sababu ya methali au kwa sababu alitaka kutukimbia.

Siku za kwanza alirudi na habari mpya kila asubuhi. Alionekana, hilo halikuwa na ubishi. Tatizo ni kwamba hakuonekana Chachu. Bibi mmoja alimsimamisha nje ya geti lake na kumkaripia kuhusu shimo la barabarani ambalo watu wa barabara waliahidi kulifukia tangu mwaka jana. Chachu alijitetea kwamba yeye ni wa mikate, bibi akamwambia ndivyo mlivyo, mkibanwa kila mtu anajidai wa mikate. Mwenye gari mmoja alimrushia funguo amtafutie mahali pa kuegesha. Kwenye duka kubwa mlinzi alimpitisha mlango wa nyuma na kumwonyesha bomba linalovuja. Chachu, kwa kuwa ni mtu wa watu, alilikaza.

Halafu ikaja siku ya kibao. Lori la mchanga lilikuwa likirudi kinyumenyume karibu nasi. Chachu alikuwa amesimama nyuma ya lori, upande wa pili wa njia, akanipungia mkono kuniomba kahawa. Dereva wa lori aliona kwenye kioo chake mtu wa njano akimpungia: njoo, njoo, njoo. Akaja. Kibao cha Mama Cherehani kilichosimama mlangoni pake, kile cha rangi kilichochorwa gauni na mkasi, kikaingia chini ya gurudumu na kulia kama mfupa wa kuku.

Dereva alishuka, akamlaumu Chachu kwa kutojua kazi yake. Mama Cherehani aliacha kushona, jambo ambalo sijawahi kuliona. Hakupiga kelele. Alikitazama kibao chake, akamtazama Chachu, akasema kwamba kuanzia leo yeye ni adui wa rangi ya njano, awe nayo binadamu au embe.

Baada ya hapo Chachu akaanza ujanja. Alikuwa akitoka nyumbani amekivaa, akifika kona yetu anakivua, anakiweka sandukuni juu ya mikate, anaendelea na sweta lake la kijivu. Jioni anakivaa tena hapa hapa, anapandisha kilima kuelekea nyumbani, mume mwema wa kuigwa. Sisi tuliuona ujanja huo na hatukumwambia Sista. Breki alisema mambo ya mke na mume hayana taa za barabarani.

Lakini Sista si mtu wa kudanganywa na kitambaa. Jioni moja alitoka zamu mapema, akateremka kwa miguu, akamkuta mumewe hapa anaingiza mkono wa kwanza kwenye kizibao. Alikuwa bado na sare yake, viatu vyake vyeupe vimechoka. Tulimwamkia sote kwa mpigo kama wanafunzi. Aliitikia, akakaa kwenye benchi, akaniomba kahawa isiyo na sukari. Chachu alibaki amesimama, mkono mmoja ndani, mmoja nje.

Spika ndiye aliyeanza. Akamwambia shemeji asikasirike, kwamba hata sisi tumelichunguza jambo hili kwa kina na hatujaona faida ya kizibao. Akamuuliza kama hao wanaovaa hawaletwi hospitali.

Nilidhani atamjibu kwa ukali. Alizungusha kikombe mkononi kwanza.

— Wanaletwa, akasema. Ni wachache, lakini wanaletwa. Kuna mmoja nilimkatia kizibao chake kwa mkasi ili nifike kwenye mbavu. Kilikuwa kipya.

— Sasa shemeji, Breki akauliza kwa upole, kama unajua hivyo, unamlazimishia nini?

Sista hakumwangalia Breki. Alimwangalia mumewe.

— Nikiwa pale ndani, kila machela inayosukumwa mlangoni naitazama miguu kwanza. Kabla sijatazama jeraha, natazama viatu, kama ni vyako. Siwezi kukuendeshea baiskeli. Siwezi kuwazuia madereva. Hicho kizibao ni kitu pekee ninachoweza kukufanyia nikiwa mbali na barabara. Hata kama ni kidogo, ni hicho tu ninacho.

Akamaliza kahawa, akanishukuru, akaanza kupanda kilima peke yake. Chachu aliingiza mkono wa pili. Hakupanda baiskeli; aliikokota, akamfuata, na tulipowaona wamefika pale juu karibu na geti la hospitali walikuwa wanatembea sambamba, baiskeli katikati yao. Mama Cherehani alisema kitu kuhusu rangi ya njano kwamba labda kwa mbali si mbaya sana.

Tangu siku hiyo Chachu hakukivua njiani. Bibi wa shimo aliendelea kumkaripia, naye akaanza kumjibu kwamba amelipeleka suala hilo kwa wakubwa.

Sasa niwaeleze siku gari la vioo liliporudi.

Ilikuwa alasiri, watu wote wapo. Chachu alikuwa amemaliza mzunguko wa kwanza, kizibao amekivua kwa sababu ya joto na kukilaza kwenye benchi, na Breki na Spika walikuwa wamerudia ubishi wao kama kawaida, Breki akiwa sasa amefika mahali pa kusema kwamba kila mwendesha baiskeli apewe ng'ombe wa kutembea naye ubavuni. Nililijua gari kabla sijamjua mtu. Lilisimama upande wa pili, likiwa tupu, na dereva akashuka na kuvuka kwa uangalifu, akitazama kushoto, kulia, na kushoto tena.

Alisalimia. Akamuuliza Chachu bega linaendeleaje. Chachu akasema linajua kutabiri mvua, vinginevyo zima. Akasogea, akampa nafasi. Nilimimina kikombe bila kuombwa.

Mtu huyu alitueleza habari yake polepole, akiangalia kahawa. Alisema kazi yake ni kubeba vioo, na mtu wa vioo hawezi kuendesha ovyo: ukifunga breki kwa ghafla umemaliza mzigo wa watu. Siku ile hakuwa na simu mkononi, hakuwa amelewa, hakuwa na haraka. Alifika kona, akatazama juu ya barabara, akaona iko tupu, akaingia. Na barabara haikuwa tupu. Tangu siku hiyo kila akifika kona hujiuliza kuna nani mwingine yupo mbele yake ambaye macho yake yamemfuta. Wakati mwingine husimama mpaka wa nyuma wampigie honi.

Kisha akakigusa kizibao kilichokuwa kati yake na Chachu.

— Nimesikia mnabishana. Naomba mniambie ukweli. Angekuwa amevaa hiki siku ile, ningemwona?

Ni swali ambalo kijiwe chetu kilikuwa kimelijibu kila siku, kwa miezi, bila kusita. Spika alikuwa na sura ya mtu anayepekua mifuko. Kitu kilichotufunga midomo ni kwamba katika watu wote duniani, huyu ndiye peke yake aliyekuwa na macho yale asubuhi ile, na ndiye aliyekuwa anatuuliza sisi.

Chachu ndiye aliyesema wajaribu. Dereva arudi kwenye gari lake, akae kwenye usukani, injini imezimwa. Yeye atapita mara mbili, mara moja na kizibao, mara moja na sweta tupu. Hakuna aliyelipinga wazo, ingawa sote tulijua linachekesha. Mama Cherehani aliinuka mlangoni pake. Spika alivuka barabara kabisa ili asimame karibu na dirisha la gari, kama refa.

Chachu alipanda hadi karibu na hospitali, akateremka akiwa wa njano. Akapita. Akapanda tena akihema, akateremka akiwa wa kijivu. Akapita. Akaja kusimama mbele yetu, mguu mmoja chini. Dereva alibaki ndani ya gari kitambo, mikono juu ya usukani, kisha akashuka.

— Umeona nini? Breki akamuuliza.

— Nimemwona mara zote mbili. Vizuri kabisa.

Spika alikuwa tayari anatabasamu, maana hiyo ilikuwa hoja yake toka mwanzo. Dereva akatikisa kichwa.

— Nimemwona kwa sababu nilikuwa namtafuta, akasema. Siku ile sikuwa namtafuta mtu. Nilikuwa natafuta barabara tupu, na nikaipata.

Upepo ulipita na karatasi za sokoni. Chachu alikuwa bado anahema.

— Kesho nitapita hapa tena, dereva akaendelea, kwa sauti ile ile ya chini. Huyu sasa namjua, nitamtafuta hata akija amevaa usiku. Je, yule mwingine nisiyemjua, nitamtafutaje?

Nilimtazama Breki, kwa kuwa ndiye aliyeendesha kuliko sote. Alikuwa anatazama magoti yake. Mama Cherehani aliguna kidogo tu, akarudi kwenye kiti chake.

Saa ya mzunguko wa jioni ilikuwa imefika. Chachu aliegemeza baiskeli ukutani, akachukua kizibao, akaingiza mkono wa kulia. Wa kushoto ulimsumbua; lile bega bado halipendi kwenda nyuma. Aliupapasa upande ule mara mbili bila kulipata tundu. Dereva akasogea, akalishika tundu la mkono wazi, akamwongoza mkono mpaka ukaingia, kisha akamfungia zipu taratibu hadi juu, kama mtu anayeinua kioo.

— Asante, ndugu yangu, Chachu akasema.

Akapanda baiskeli, akaingia barabara ya sokoni na mikate yake. Dereva alisimama ukingoni akimtazama mpaka ile njano ikageuka nukta na kumezwa na watu. Hata ilipokuwa haionekani tena, aliendelea kutazama.